Reli ya Bonifas

Kilosa, 4 Machi 2025

Kwako Samson,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukiitikia huko Mikumi sitakusikia, na hata ungekuwa umekaa hapa kwenye kochi langu nisingekusikia, kwa hiyo umbali haujatupunguzia kitu.

Mimi ni Kornelio, baba yake Bonifas. Kwenye mazishi mwaka jana uliniinamia ukanipa mkono, nami nikakutazama nisijue wewe ni nani, maana siku ile sikumtambua mtu. Baadaye binti yangu Hildegarda alinieleza kwamba ndiwe rafiki yake, ambaye mlikuwa mnatengeneza simu na kompyuta kibanda kimoja, na kwamba ndiwe uliyekimbilia barabarani lori lilipomgonga na pikipiki yake. Nilitakiwa nikushukuru siku nyingi. Asante, mwanangu.

Sasa shida yangu. Laptop yake ninayo mimi, ile kubwa ya kuchezea magemu. Ndani yake kuna mchezo wa kuendesha treni, na wewe unajua kwamba ndani ya mchezo ule Bonifas alikuwa anatengeneza reli yetu, hii inayotoka Kilosa kufuata mto Mkondoa kwenda Munisagara. Kazini niliendesha treni juu ya reli hiyo ya kweli hadi masikio yangu yakabaki kwenye injini, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Mwanangu ameiweka yote, kona kwa kona. Nilipoiona mara ya kwanza nilitoka nje nikazunguka nyumba.

Ila treni inakwama. Inatoka stesheni vizuri, ikikaribia daraja la pili inaanza kurukaruka, meza inatetemeka kwa feni, halafu mashine inazima. Nimejaribu hadi nimechoka. Sijawahi kulivuka daraja lile.

Ninachokuomba ni kimoja. Nataka kuiendesha reli yote aliyoitengeneza mwanangu, mwenyewe, kwa macho yangu haya. Na macho nayo yameanza ukungu. Si wa kutisha, ni uzee tu, lakini usiilalie kazi hii.

Mashine nampa Mudi, kondakta wa basi la mchana. Nimemwambia asiiweke chini ya viti.

Ni mimi, dereva mstaafu,
Kornelio

*

Mikumi, 10 Machi 2025

Baba Kornelio, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikujua kama unanikumbuka. Usinishukuru kwa lile la barabarani, Baba, kwa sababu sikufika kwa wakati.

Mashine nimeifungua. Feni zote mbili zilikuwa zimevaa vumbi kama sweta. Ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na bati la kuipoza ilikuwa imekauka ikawa unga. Prosesa ndiyo injini ya laptop, na kiwandani huwa wameiwekea kikomo cha umeme inaoruhusiwa kula. Joto likizidi, inajipunguzia chakula hata chini ya kikomo hicho ili isiungue. Hapo ndipo treni yako inaporukaruka: nguvu zinakuwa zimekatwa. Ikiendelea kuchemka, inazima.

Nimesafisha, nimepaka pesti mpya, nimeiwasha hapa mezani na treni ikiwa stesheni ya Kilosa, na imekaa imepoa muda mrefu tu. Kikomo sijakigusa. Nimeona ipoe kwanza, kuongeza nguvu baadaye.

Kiti cha Bonifas bado kipo hapa kibandani. Mteja akitaka kukikalia namwambia kimevunjika mguu.

Mwanao,
Samson

*

Kilosa, 17 Machi 2025

Samson, marahaba.

Umefikiri kama mtu wa reli. Kichwa cha treni kikichemka huongezi mafuta, unaangalia kwanza rejeta. Hapo nimekupa heshima yako.

Lakini treni imekufa darajani palepale. Nimeiwasha Jumatano, imezima. Alhamisi, imezima. Huko Mikumi inatembea, huku Kilosa inakata roho. Labda imezoea kuangaliwa na tembo.

Hildegarda anasema niachane nayo, kwamba najitesa. Yeye haelewi. Kila nikikaa pale nikaona kibao cha stesheni alivyokichora, rangi imebanduka upande uleule uliobanduka kweli, nasikia kama kijana yuko chumba cha pili. Ndipo mashine inazima na mimi nabaki na sura yangu kwenye kioo cheusi. Hilo linaniuma kuliko nilivyotegemea.

Naituma tena. Safari hii nimeizungushia kitambaa chake kinachokaa chini yake siku zote, ili isichubuke njiani. Kitambaa nirudishie, kilifumwa na marehemu mama yake Bonifas.

Kornelio

*

Mikumi, 20 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Nimempata mchawi. Ni kitambaa.

Usinikasirikie. Laptop hii inavuta hewa kwa chini, tumboni. Ukiikalisha juu ya kitambaa cha kufuma, tena kizito kama hiki chenye maua yaliyovimba, unakuwa umeiziba pua. Hapa kwangu inakaa juu ya ubao mtupu ndiyo maana inapumua. Hata ningeipaka pesti ya ndege ya abiria, kwako ingezima tu.

Naomba kitambaa kikapumzike kabatini. Ukikubali, nitaiongezea nguvu sasa: nitakipandisha kile kikomo cha umeme kidogokidogo huku naangalia joto, hadi nione inavuka daraja bila kuhema.

Mwanao,
Samson

*

Kilosa, 24 Machi 2025

Samson, marahaba.

Nimecheka peke yangu hadi Hildegarda akaja kuchungulia. Kumbe ni Bibiana anayeizima!

Sasa sikiliza. Mke wangu katika maisha yake hakuwahi kuweka kitu mezani bila kitambaa. Redio ilikuwa na chake, televisheni chake, jagi la maji chake, hata betri ya sola alikuwa ameifumia. Aliniambia kitu kisicho na kitambaa ni kitu ambacho hakina mwenyewe. Leo laptop ya mtoto wake wa mwisho ikae uchi ndani ya nyumba yake? Haiwezekani, na sitakudanganya kwamba nimekubali halafu niiweke ukigeuza mgongo.

Fanya hivi. Itafutie miguu. Kichwa cha treni hakilali juu ya kokoto, kinasimama kwenye magurudumu na upepo unapita. Kitambaa kibaki chini, hewa ipite katikati, kila mtu apate haki yake.

Na huo umeme ongeza. Mimi siogopi nguvu, naogopa kusimama njiani.

Kornelio

*

Mikumi, 31 Machi 2025

Dada Hilda, shikamoo.

Usishangae barua. Najua siku hizi Mzee ndiye anayeshika simu yako na kusoma kila ujumbe kwa maandishi makubwa, na hili sitaki alione. Bahasha nimempa Mudi akukabidhi wewe mkononi, dukani kwako.

Mashine imepona. Nimeigundishia vizibo vinne vya soda vikawa miguu, nimeijaribu juu ya kitambaa hichohicho cha mama, inapumua. Kikomo cha prosesa kilikuwa wati arobaini na tano. Nimepanda tano, nikangoja, nikapanda tano nyingine, hadi sitini na tano, na joto halijafika pabaya. Juzi nikaendesha treni mwenyewe kuijaribu. Daraja la pili nimelivuka kama halipo.

Dada, nikaendelea mbele. Kuna miembe, kuna mto unang'aa, kuna watoto wanapunga mkono, nikawa najisemea Bonifas ulikuwa fundi, rafiki yangu. Halafu baada ya kona moja reli ikaisha. Mataruma machache bila chuma juu yake, baadaye nyasi, baadaye hata nyasi hakuna, ni ukijivu mtupu wa mchezo. Treni ikadondoka ndani ya ukijivu huo na mimi nikaizima haraka kama niliyeona kitu nisichotakiwa kuona.

Munisagara haipo. Alikuwa hajafika.

Mzee ameniandikia kwamba anataka kuiendesha reli yote. Anadhani inafika. Niliposhika kalamu kumwambia ukweli mkono ulikataa. Bonifas alinifundisha kidogo kazi hii ya kuchora reli. Naweza kumalizia kipande kilichobaki, nikaunganisha na chake, Mzee akafika stesheni bila kujua. Au nimwambie? Wewe ndiye unayemjua.

Mdogo wako,
Samson

*

Kilosa, 3 Aprili 2025

Samson mdogo wangu, marahaba.

Usimwambie.

Hujui anavyofanya. Kabla hujaichukua laptop, kila asubuhi alikuwa ananawa, anavaa koti lake la kazi la reli, lile lenye vifungo vya shaba, anafunga vyote, ndipo anakaa mezani. Kwa ajili ya mchezo! Mwanzoni niliona aibu wageni wakiingia. Siku moja nikamkuta ameweka kiganja juu ya kioo, ametulia tu, nikarudi jikoni kulia. Tangu tumzike Bonifas, Baba hajatamka jina lake mbele yangu. Anasema "reli" tu, reli imefanya hivi, reli imefanya vile. Mtu wa namna hiyo nikamwambie reli imeishia porini?

Malizia. Tafadhali malizia, na Munisagara umweke mama. Baba alikutana naye pale, akiuza ndizi kwenye madirisha ya treni. Nimekuwekea picha yake, ndiyo pekee iliyotoka vizuri. Akimwona amesimama stesheni atajua mwanae alimkumbuka mama yake, na moyo wake utatulia.

Ila usikawie. Nina sababu ambayo nimekatazwa kuisema.

Dada yako,
Hilda

*

Kilosa, 16 Aprili 2025

Samson,

Wiki ya pili sasa namwona Mudi anashuka mikono mitupu. Nimeanza kumchukia bure kijana wa watu.

Najua fundi akiharakishwa anaharibu. Kazini na mimi sikupenda mtu wa kunisimamia begani. Lakini kama kilichobaki ni kuipamba, achana na mapambo. Nirudishie ilivyo. Hata ikikwama, hata kama ni mwendo wa konokono, nitaisukuma hivyohivyo.

Meza imebaki na kitambaa cha jagi peke yake. Nakaa mbele yake asubuhi nikiwa sina pa kwenda.

Kornelio

*

Mikumi, 22 Aprili 2025

Baba, shikamoo, na heri ya Pasaka.

Nisamehe kwa kukuweka. Mashine imepata nguvu mpya, na nguvu mpya inataka upoaji mpya. Nimeagiza feni moja kutoka Dar, kubwa kuliko ya zamani, na haijafika. Sitaki ukifika katikati ya safari ikufie tena, halafu uniambie imezoea tembo.

Vumilia kidogo tu. Ukiipata utaona kwa nini nilichelewa.

Mwanao,
Samson

*

Kilosa, 12 Mei 2025

Samson,

Sina muda wa salamu.

Baba ana presha ya macho. Tulianza kwenda hospitali Morogoro tangu mwezi wa pili, na daktari alisema wazi kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kuzuia tu, tena tumechelewa. Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Akijua ataiharakisha kazi, na reli isishikwe na mtu mwenye haraka." Nikakaa kimya kwa sababu ni baba yangu, na kwa sababu nilitaka uimalize Munisagara. Yote mawili, nakiri.

Jicho la kulia limefunga. La kushoto anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Jana amemimina chai nje ya kikombe akajifanya ni makusudi, anapoza meza.

Mashine ilivyo sasa, ni hivyohivyo. Ipakie leo.

Hilda

*

Mikumi, 13 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Mashine hiyo inakuja. Feni imefika, vizibo vimekaza, kitambaa cha mama nimekifua na kukianika kivulini. Ukiwasha utaona taa ya kijani juu ya kibodi, maana yake kikomo kipya kinafanya kazi. Usiifunike juu, usiiweke mapajani, mengine yote ruksa.

Ondoka na treni Kilosa taratibu. Kwenye daraja la pili usipunguze mwendo, haikwami tena. Nenda hadi mwisho, Baba. Hadi Munisagara kabisa.

Nilikuwa na mengi ya kuandika, lakini basi linapiga honi.

Mwanao,
Samson

*

Kilosa, 9 Juni 2025

Samson mwanangu,

Anayeandika ni Hildegarda, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze wala asitie sukari. Yeye akitaka kunijibu ananiandikia kiganjani kwa kidole, herufi mojamoja, na anajua kuandika ovyo.

Kwanza mashine. Umefanya kazi ya mtu mzima. Haichemki, haitetemeki, meza imetulia kabisa nikiweka mkono. Nguvu uliyoiongeza nimeisikia mwilini. Siku ilipofika nilivaa koti, nikakaa, jicho langu moja nikalisogeza karibu na kioo hadi pua ikagusa, nikatoka Kilosa. Daraja la kwanza nikavuka. La pili nikavuka, nikasema kwa sauti, "Nimepita, Bonifas," na sikuwa nimelitamka jina hilo tangu tumzike. Nikaenda mbele naangalia kipande kimojakimoja kwa hilo tundu la ufunguo, kama anayekula pipi asiyetaka iishe.

Nikafika Munisagara. Nikamwona mama mwenye kitenge amesimama na sinia la ndizi. Nililia, Samson, sitaficha. Nilimwita Hildegarda aje aone, naye akalia, nikadhani tunalia jambo moja.

Kesho yake nikarudi tena, na sasa nikatazama kwa jicho la kazi. Juu ya kilima cha stesheni kuna mnara wa simu. Nikauliza moyoni, mnara umetoka wapi? Kwenye reli ya Bonifas hakuna mnara hata mmoja, kwa sababu ni reli ya enzi zangu, na enzi zangu pale juu palikuwa na mawe na nyani. Na yule mama ana miwani. Bibiana niliyemkuta Munisagara alikuwa binti mwenye meno yote, aliyenizidishia bei ya ndizi akinitazama usoni bila haya. Miwani nilimnunulia mimi, tukiwa na wajukuu.

Nikamuuliza Hildegarda. Akaniandikia kiganjani: Samson. Akaandika tena: na mimi.

Nilikukasirikieni wote wawili. Wiki nzima sikutaka kuguswa mkono.

Sasa nakueleza jambo ambalo ningekueleza tangu barua ya kwanza kama ningejua kuna haja. Bonifas hakuwahi kuendesha treni. Hakuwa ameiona reli ile kutoka mbele, dirishani kwa dereva. Mimi ndimi niliyemwambia. Kila alipokuja nyumbani Jumamosi alikuwa ananiandikia swali kwenye kioo, maandishi makubwa: Baba, baada ya kona hii kulia kuna nini? Namjibu kuna kalavati, lina ufa. Baba, ufa umekaaje? Nauonyesha kwa mkono. Baba, asubuhi jua linakupiga upande gani? Tulienda hivyo mwaka mzima, tukipata Jumamosi mbili tunasogea kidogo. Mimi na mwanangu hatukuwahi kuongea kiasi hicho tangu azaliwe. Nilikuwa kazini akikua, nilipostaafu sikuwa na masikio.

Kwa hiyo nilijua tulipofika, kwa sababu kila kilichopo pale kilitoka kinywani mwangu. Mara ya mwisho aliniuliza kuhusu kona ile, nikamwambia, akaandika kwenye kioo: Baba nimechoka, Jumamosi tunaendelea. Alhamisi mkamleta.

Munisagara nilijua haipo. Munisagara ya kweli nimeifikia mara nyingi hadi nimeichoka, na Bibiana sijamsahau hata nihitaji kuchorewa. Nilichotaka ni kufika pale alipoishia. Nilitaka nione alipoweka mkono mara ya mwisho, jiwe la mwisho, taruma la mwisho, nisimamishe treni hapo, nikae naye. Basi. Sikutaka zaidi ya hapo.

Wewe umepaunga. Na umeunga vizuri mno, hilo ndilo limeniumiza. Nimeenda na kurudi, nimeenda na kurudi, natafuta mahali pake panapoisha na pako panapoanza. Nyasi zako umezilinganisha na zake, kokoto zako ni rangi ya zake. Zamani ningeijua kazi ya mwanangu hata gizani. Kwa tundu la ufunguo nimeshindwa. Halafu Jumapili baada ya misa na tundu lenyewe likaziba.

Hapa Hildegarda ameacha kuandika. Nasikia meza inatikisika. Andika, mwanangu, hakuna aliyekufa leo.

Samson, sikuandikii kukulaumu. Nimelifikiria sana. Ulinionea huruma, na dada yako alinionea huruma, na mimi nikaficha macho yangu nisimharakishe fundi. Tumehurumiana hadi tumepitwa na treni. Hasira imekwisha, iliyobaki ni huzuni, na huzuni haina mtu wa kumkamata.

Usikifute kipande chako. Umekiendea hadi Munisagara kwa pikipiki, Hildegarda amenieleza, kupiga picha jua likiwaka. Kikae. Bibiana mwenye miwani naye akae, alikuwa mke wangu pia.

Ila nina ombi moja, na safari hii nitalisema lote. Mimi sioni tena, na dada yako hakuwahi kuiona reli kabla hujaiunga. Duniani amebaki mtu mmoja tu anayejua mwanangu aliishia wapi, nawe ndiwe. Funga kibanda siku moja uje Kilosa. Utakaa kulia kwangu, pale anapokaa msaidizi wa dereva. Mimi nitavaa koti, nitashika breki. Utaitoa treni stesheni, utaniandikia kiganjani tukivuka daraja la kwanza, na la pili. Baada ya hapo usiniandikie kitu. Tukifika pale, niguse begani, nami nitasimamisha.

Baba yako,
Kornelio